Betri Kwanza, Tochi Baadaye: Niliyojifunza Kuhusu Mwanga wa Kuzamia

Boksi la tochi yangu ya kwanza ya kuzamia lilikuwa na namba tatu kubwa upande wa mbele: lumeni 5000 (kiasi cha mwanga), mita 150 (kina), saa 4 (muda wa kuwaka). Pembeni, kwa maandishi madogo, liliandikwa kwamba tochi inatumia betri moja ya 18650. Sikujua kwamba mstari ule mdogo ulikuwa unazikanusha namba mbili kati ya zile tatu. Ningekuwa najua kupiga hesabu ya dakika mbili nitakayoieleza hapa, nisingenunua tochi mara mbili, chaja mara mbili, na betri mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema.

Naandika kwa ajili ya mtu ambaye ameshazoea kuzamia mchana na sasa anataka kuingia majini usiku, au kuchungulia ndani ya meli iliyozama, au kuona rangi za matumbawe jinsi zilivyo. Akiuliza anunue tochi gani, ataambiwa anunue yenye mwanga mkali. Nami niliambiwa hivyo hivyo.

Hesabu yenyewe ni hii. Betri ya 18650 ni silinda yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Jina lake ni vipimo vyake, na sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya duara. Volti zake za kawaida ni 3.6, na ikijaa hufika 4.2. Zile nzuri za ukubwa huo kwa kawaida hubeba kama miliampea-saa (mAh) 3500, yaani ampea-saa 3.5. Zidisha 3.6 kwa 3.5, unapata wati-saa 12.6. Hiyo ndiyo akiba yako yote. Sasa, LED iliyomo kwenye tochi nzuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Lumeni 5000 zitahitaji wati 50, na wati 50 zitaikausha akiba hiyo ndani ya robo saa. Igeuze hesabu: ili tochi hiyo iwake saa 4, isizidi wati 3 na kidogo, ambazo ni lumeni mia tatu hivi. Kwa hiyo ni ama lumeni 5000 ama saa 4. Boksi lilizipanga bega kwa bega kana kwamba zinakuja pamoja.

Hata watengenezaji waaminifu wana mwanya wao. Kipimo kinachofuatwa na wengi ni cha Marekani, ANSI FL1, kilichotolewa mwaka 2009. Kwa kipimo hicho, muda wa kuwaka unahesabiwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha hadi mwanga uteremke kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Maana yake tochi ya lumeni 1000 iliyoandikwa saa 3 inaweza kuwa imeshuka hadi lumeni 150 kwa sehemu kubwa ya muda huo na bado ikahesabiwa kuwa inafanya kazi. Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini wewe uko chini ya maji unajiuliza mbona mwamba umekuwa wa kijivu.

Siku hizi tochi yoyote inayoingia mikononi mwangu, iwe mpya au ya kuazima, naipima kwanza kwenye ndoo. Naizamisha wima kwenye ndoo ya maji katika chumba chenye giza, kioo kikitazama dari, na simu yenye programu ya kupima mwanga naiweka mahali pamoja isisogee. Kila baada ya dakika tano naandika namba kwenye daftari. Maji ni ya lazima: tochi za kuzamia hupozwa na maji, na ukiiwasha hewani kwa nguvu zote itapata joto ndani ya dakika chache, halafu ama ijipunguze yenyewe ama iungue. Ile ya lumeni 5000 ilianza kushuka kabla hata sijaandika namba ya pili. Dakika ya kumi ilikuwa imebaki nusu. Ikatulia hapo kwa muda, kisha karibu na dakika ya arobaini ikaporomoka ghafla ikabaki nyekundu ya taa ya onyo tu. Niliitazama ile karatasi nikachoka. Usiku nilikuwa naenda nayo kwenye mbizi za dakika hamsini.

Kanuni niliyojiwekea tangu siku hiyo ni kwamba mwanga ninaouhitaji, kwa kiwango nitakachoutumia kweli, udumu mara moja na nusu ya muda wa mbizi. Mbizi ya dakika 50, tochi iwe imenithibitishia dakika 75 kwenye ndoo. Maji yakiwa ya baridi naongeza tena, kwa sababu baridi huipunguzia betri ya lithiamu uwezo wa kutoa umeme.

Tuje kwenye lumeni zenyewe. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Haikuambii umekusanywa wapi. Tochi ile ilikuwa na mwanga mpana wa nyuzi karibu 120, ambao ni wa kupigia video. Kwenye maji yenye chembechembe mwanga wa aina hiyo unawasha kila chembe iliyo kati yako na unachokitazama, na unabaki unaangalia ukungu mweupe. Mwenzangu alikuwa na tochi ya zamani ya lumeni 700, mwale wake mwembamba usiozidi nyuzi 10, na aliona mbali kuliko mimi. Nilikuwa namfuata yeye kwenye mbizi ambayo mimi ndiye nilikuwa na tochi ya gharama.

Mwale mwembamba una faida nyingine ambayo usiku ni kubwa kuliko kuona mbali: kuzungumza. Chini ya maji usiku, mikono haionekani vizuri, kwa hiyo watu huzungumza kwa mwanga. Duara la polepole kwenye mchanga ni kwamba mambo ni sawa. Kuupeleka mwale kushoto na kulia taratibu ni kumwita mwenzako atazame. Kuupeleka haraka haraka ni dharura. Mwanga mpana uliosambaa hauwezi kuchora duara. Unakuwa tu mwangaza unaocheza cheza, na mwenzako hajui kama unamwita au unajikuna. Na tafadhali, usimmulike mtu usoni. Macho yake yakishazoea giza, ukimmulika unamwondolea uoni kwa dakika kadhaa.

Kwa hiyo kama unaanza, chukua mwale mwembamba wa lumeni 800 hadi 1500 na uachane na mengine. Mwenye kupiga picha ana mahitaji yake, na huyo atahitaji taa mbili tofauti: moja ya kuonea, nyingine ya kupigia picha, ikiwa imewekwa mbali kidogo na kamera ili chembe zisirudishe mwanga moja kwa moja kwenye lenzi. Wa picha pia aangalie ubora wa rangi. Maji hunyonya nyekundu mapema sana. Ukishafika mita tano au sita kitu chekundu kinaonekana kahawia au kijivu mpaka ukimulike, na LED za bei rahisi zina nyekundu kidogo mno ya kurudisha.

Sasa betri. Hapa ndipo nilipotumia pesa nyingi zaidi na ndipo nilipopata hofu.

Tulikuwa kwenye mita kumi na nane hivi, tunafuata ukingo wa mwamba. Pweza alikuwa amejibanza kwenye ufa, nikapandisha tochi hadi kiwango cha juu ili nimwone vizuri. Ikazima. Haikufifia wala kupepesa kwanza. Nikabonyeza, nikabonyeza tena, kimya. Mwenzangu alikuwa mita nne mbele, amenipa kisogo, na duara la mwanga wake lilikuwa linazidi kwenda. Kitu cha kwanza nilichokitambua ni sauti ya mapovu yangu mwenyewe. Nilikuwa navuta hewa mfululizo bila kutulia. Mtungi ulikuwa na hewa ya kutosha, bahari ilikuwa shwari, hatari yenyewe ilikuwa ndogo. Mwili haukutaka kusikia hayo. Nilihangaika na kibanio cha tochi ya akiba, ambayo niliifunga mahali nisipopafikia kwa urahisi kwa mkono wa kushoto, mpaka nikaipata, nikaiwasha, nikampelekea mwenzangu mwale wa kushoto na kulia.

Juu ya boti niliifungua tochi kubwa, nikaitoa betri, nikairudisha. Ikawaka vizuri kabisa. Hilo ndilo lililonitia wazimu: kitu kilichoharibika kingebaki kimeharibika.

Nilimpelekea fundi mmoja mzee ambaye kazi yake ni tochi za wazamiaji wa mapangoni. Aliipima kidogo akacheka. "Mwanangu, tochi yako nzima. Betri ndiyo iliyokukimbia."

Kwenye kitako cha betri nyingi za lithiamu, chini ya plastiki, kuna kisaketi chembamba cha ulinzi. Kinakata umeme betri ikijazwa kupita kiasi, ikitumika hadi chini mno, au ikiombwa ampea nyingi kuliko inavyoweza. Ukiondoa mzigo kinajirudisha. Tochi yangu kwenye kiwango cha juu ilikuwa inaomba ampea nyingi. Betri niliyoichagua ilikuwa ya kutoa chache. Kila kitu kilifanya kazi yake sawasawa, na mimi nikabaki gizani.

Nilikuwa nimechagua betri kwa mAh tu, kwa sababu mAh ndiyo namba inayoandikwa kwa herufi kubwa. Lakini kwa umbo lile lile la 18650, akiba na nguvu huwa vinavutana. Panasonic ina betri inayojulikana sana ya mAh 3400, nzuri mno kwa tochi ya kiasi, ambayo imekusudiwa kutoa kama ampea 5. Samsung ina ya mAh 3000, ile inayoitwa 30Q, ambayo inatoa hadi ampea 15. Tochi ya lumeni 3000 inataka wati 30, na kwa betri moja hizo ni zaidi ya ampea 8. Ya kwanza itakata au itanyong'onyea. Ya pili itabeba. Hivyo kabla ya kununua betri, gawa lumeni kwa 100 upate wati, kisha gawa wati kwa 3.6 upate ampea, na uhakikishe betri inatoa zaidi ya hapo. Kama muuzaji hajui ampea za betri anayoiuza, ondoka.

Halafu kuna betri za uongo, ambazo ni nyingi. Ukiona 18650 iliyoandikwa mAh 9900, au hata 6000, iache hapo hapo. Haijatengenezwa ya namna hiyo na mtu yeyote. Nilikuwa nazo mbili, nilipewa kama zawadi pamoja na chaja. Nilizipima kwenye mzani wa jikoni: betri halisi ya ukubwa huo huwa kati ya gramu 45 na 50, hizo hazikufika hata 35. Za aina hiyo zimewahi kupasuliwa zikakutwa na kibetri kidogo katikati na unga wa kujazia nafasi. Uzito haudanganyi kirahisi, na mzani ni rahisi kuliko kifaa chochote cha kupimia umeme. Kama chaja yako inaonyesha mAh zilizoingia, ijaze betri kutoka tupu uone. Iliyoandikwa 3400 ikapokea 1200, umeshapata jibu.

Urefu nao unasumbua. Kile kisaketi cha ulinzi kinaongeza milimita tatu hadi tano, kwa hiyo betri yenye ulinzi inaweza kufika milimita 70, ilhali tochi nyingine zimetengenezewa 65 kamili. Mtu anakaza kifuniko kwa nguvu, kinakaribia kufunga, anaridhika. Kumbe pete ya mpira inayozuia maji haijakaa sawa, na kisaketi kimebanwa mpaka kinapasuka. Betri nyingine zina chuchu juu, nyingine ni bapa. Bapa kwenye tochi inayotaka chuchu haigusi shaba, haiwaki. Soma kijitabu cha tochi, au pima kwa rula kabla ya kulipa.

Kama ningekuwa naanza leo ningetafuta tochi inayotumia betri ya 21700, yenye kipenyo cha milimita 21 na urefu wa 70. Ni nene kidogo tu mkononi, lakini inabeba mAh 4000 hadi 5000 na nyingi zake zinatoa ampea za kutosha. Ule mvutano kati ya akiba na nguvu unalegea.

Tochi zinazotumia betri mbili au tatu zilizopangana zina sharti lao: betri ziwe za aina moja, umri mmoja, na zimejazwa pamoja. Nimeziwekea alama kwa kalamu ya wino usiofutika, A na A, B na B, na hazichanganyiki kamwe. Iliyochoka ikipangwa na mpya, ile mpya itaendelea kusukuma umeme hadi iliyochoka ivutwe chini ya sifuri. Kwenye redio ya mezani hilo ni uharibifu mdogo. Ndani ya bomba lililofungwa lisipite maji, betri inayosukumwa kinyume hutoa gesi, na gesi haina pa kwenda.

Kuhusu tochi ya akiba nina maoni ambayo si kila mtu ataafikiana nayo: isitumie betri ya kuchaji ya lithiamu. Lithiamu inashikilia mwanga wake karibu hadi mwisho kisha inaanguka. Hiyo ni sifa nzuri kwa tochi kuu, lakini kwa ya akiba nataka kitu kinachofifia taratibu na kuniaga mapema. Betri za kawaida za alkalaini zinafanya hivyo, na zinakaa miaka bila kupoteza chaji nyingi. Zina ubaya wa kuvuja, kwa hiyo nazitoa msimu ukiisha. Za kuchaji za nikeli, zile za volti 1.2, zilikuwa na tatizo la kujimaliza zenyewe kabatini mpaka Sanyo walipotoa za Eneloop mwaka 2005, ambazo hubaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Hizo nazo nazikubali kwenye akiba, ila uhakikishe tochi inaruhusu volti 1.2 badala ya 1.5.

Wazamiaji wa mapangoni hubeba taa tatu, kuu moja na akiba mbili, na yoyote kati yake ikizima mbizi inaisha, wanageuza. Kwa mbizi ya usiku kwenye maji ya wazi mbili zinatosha. Ila ya akiba ifungwe kifuani ambapo mkono wowote unafika, na uifanyie zoezi umefumba macho ukiwa bado nchi kavu.

Maji nayo yana njia zake za kuingia. Mwenzangu yule wa tochi ya lumeni 700 alipoteza tochi yake kwa unywele mmoja. Alibadilisha betri kwenye deki upepo ukivuma, unywele ukalala juu ya pete ya mpira, akafunga. Hakuuona, niliuona mimi baadaye, umekatiza pete kutoka ndani hadi nje, mfupi kama ukope. Maji ya chumvi yalipita pembeni mwake na kufika kwenye betri. Tulipopanda, tochi ilikuwa imezima na ina joto. Alianza kuifungua akiwa ameielekeza tumboni mwake. Mtu mzima mmoja pale botini akampigia kelele aigeuze. Alipozungusha nusu mzunguko ikatoa mlio wa hewa, robo nyingine kifuniko kikaruka na kugonga paa la boti. Maji ya chumvi yanapokutana na betri hutengeneza gesi, na presha hiyo inakaa inakusubiri. Tochi iliyoingia maji ifunguliwe ikiwa imeelekezwa mbali na kila mtu, taratibu, nje, na kama ina joto iachwe kabisa kwanza mahali ambapo haiwezi kuunguza kitu. Betri iliyolowa chumvi haikaushwi ikatumika tena. Inatupwa mahali pa betri chakavu.

Namna ninavyoitunza pete: naitoa kwa kidole, nikiibana pande mbili mpaka ijikunje na kujitokeza, situmii kisu wala pini. Naipitisha katikati ya vidole viwili vilivyo safi, kwa sababu ngozi inahisi chembe ya mchanga kabla jicho halijaiona. Nafuta mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha grisi ya silikoni, kiasi cha kuifanya ing'ae tu. Kazi ya grisi ni pete iteleze isijikunje. Kinachozuia maji ni mpira wenyewe, kwa hiyo kuirundika grisi ni kutega mtego wa mchanga. Mafuta ya mgando usiyatumie. Aina nyingine za mpira huvimba zikiyapata. Na kama pete yenyewe imetengenezwa kwa silikoni, grisi ya silikoni nayo huivimbisha, kwa hiyo fuata iliyokuja na tochi.

Baada ya mbizi, tochi iloweke kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ikiwa bado imefungwa, ikauke kabisa, ndipo uifungue. Na uifungue kioo kikiwa juu na mkia ukiwa chini, ili tone lililojificha kwenye hesi lidondoke nje badala ya kuingia ndani.

Kuhusu ile mita 150 iliyoandikwa kwenye boksi, sina mengi. Tochi yoyote ya kuzamia yenye jina itastahimili kina ambacho mzamiaji wa kawaida atafika. Zilizoharibika mbele yangu zote ziliharibikia pale zilipofungwa vibaya.

Swichi usiidharau. Nyingi za sasa ni za sumaku: kuna kitelezi au pete nje, sumaku ndani, hakuna tundu la maji kupita. Nazipenda. Lakini sumaku inavuta dira. Nilikuwa nashika tochi kwa mkono ule ule wenye dira na kushangaa kwa nini kila nikirudi naikuta boti pembeni ya pale nilipoitarajia. Iweke tochi karibu na dira ukiwa mezani uone sindano inavyosogea, kisha uamue mkono upi ubebe kipi. Tochi za kuzungusha kichwa ili ziwake ni rahisi na imara, zinafaa kuwa za akiba. Ila ukizungusha kupita kiasi unapotaka kuizima chini ya maji, utakuwa umeifungua.

Kuchaji ndilo eneo ambalo sina mzaha nalo. Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua usiku ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz, California. Watu 34 waliokuwa kwenye chumba cha kulala chini ya deki walifariki. Bodi ya uchunguzi ya Marekani haikuweza kuthibitisha kilichoanzisha moto, lakini ilielekeza macho kwenye sebule ya deki kuu, ambako vifaa vya betri za lithiamu vilikuwa vinachajiwa, na lawama kubwa ilikwenda kwenye kukosekana kwa mlinzi wa zamu ya usiku. Tangu niliposoma habari hiyo, sichaji nikiwa nimelala, iwe botini au nyumbani. Nachaji juu ya kigae au sahani ya udongo, mbali na mapazia, nikiwa macho. Botini nauliza kabla ya kupanda: wapi pa kuchajia, na nani anakaa macho usiku? Jibu la kusuasua nalichukua kama jibu.

Mambo mengine ya chaja ni ya haraka. Betri iliyotoka kwenye tochi ya moto isubiri ipoe. Usichaji kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri. Iliyosahaulika hadi ikashuka chini sana ya volti 2.5 usijaribu kuifufua, hata kama chaja yako ina kitufe cha kufufua. Ndani yake shaba inakuwa imeyeyuka na inaweza kuleta shoti baadaye. Ukizihifadhi kwa miezi, ziache nusu chaji, kama volti 3.7 au 3.8, mahali pa ubaridi. Nilikuwa naziacha zimejaa hadi juu kwa kudhani nazitendea wema, zikawa zinachoka mapema.

Kwenye ndege, betri za ziada za lithiamu haziruhusiwi kwenye mzigo wa kukabidhi. Zinaingia na wewe ndani, kila moja kwenye kiboksi chake au ncha zake zimefunikwa kwa utepe. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Ya 18650 ina kama 12, kwa hiyo huna wasiwasi. Mwenye taa kubwa ya mkebe, ile ambayo betri yake hukaa kwenye mkebe wake peke yake, ndiye aangalie: kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za ziada zisizidi mbili. Toa betri kwenye tochi yenyewe kabla ya kusafiri. Tochi ya kuzamia ikijiwasha ndani ya begi la nguo hakuna maji ya kuipoza.

Swali ninaloulizwa zaidi ni kama mtu anunue tochi yenye betri ya kutoa au ile iliyofungiwa ndani na kuchajiwa kwa waya. Ya ndani haifunguliwi kila mara, kwa hiyo unywele haupati nafasi, na kwa mtu anayezamia mara chache kwa mwaka huo ni utulivu mkubwa. Mimi nimechagua ya kutoa. Betri ikichoka baada ya miaka nabadilisha betri peke yake, na kati ya mbizi mbili za usiku sisubiri chaja. Ukichagua ya kufungiwa, angalia kwanza tundu la kuchajia limekaa nje au nyuma ya kifuniko chenye pete. Lililo nje, pini zake zinashikwa na kutu ya kijani kila zikikutana na chumvi, na utazisugua kwa mswaki wa zamani kila ukitoka majini.